Mtutu, Mpira na Mizani

Tunduma ni mji wa vipuri. Lori liendalo Zambia kwa barabara kuu kutoka Dar es Salaam sharti lipite hapa, na foleni ya mpakani humpa dereva wasaa wa kubadili tairi na kuzungumza na asiowajua. Ndiyo maana mimi, mfasiri niliyejifunza kazi kwa kamusi na taa ya chemli, huletewa kazi ambazo mwenzangu wa visiwani hawezi kuziota: hati za forodha, maelekezo ya dawa za ng'ombe, na mwaka jana kijitabu cha kubadili vipuri vya bunduki ya rangi. Dereva aliyekileta alitoka kusini, akivipeleka vipuri hivyo Dar es Salaam kwa kijana wa tajiri wake.

Bunduki hiyo haitoi risasi, bali gololi ya jelatini iliyojaa rangi, inayosukumwa na hewa ukaa au hewa iliyoshindiliwa. Awali huko Marekani ilikuwa chombo cha kutilia alama miti na ng'ombe. Mchezo wenyewe ulianza mwaka 1981, New Hampshire, watu 12 wakiwindana msituni. Mshindi, bwana misitu, alizikusanya bendera zake zote bila kufyatua hata mara moja. Habari hiyo niliipenda kuliko kijitabu kizima.

Wengi hudhani kuboresha bunduki ni kuiongezea nguvu. Sivyo. Viwanjani mwendo wa gololi una kikomo, kwa kawaida futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi, na wachezaji huvaa kinga ya uso, maana jicho halina kipuri. Mtutu mrefu hauipeleki gololi mbali zaidi ikiwa mwendo ni uleule. Mtutu mzuri ni ule ambao tundu lake linalingana na gololi: likilegea, hewa hupenya pembeni, likibana, gololi hupasuka humo humo. Kipuri cha pili, ambacho dereva alikiita regulata, huisawazisha hewa. Hewa ukaa hupoa ufyatuapo kwa haraka, na ikipoa nguvu zake hupungua; gololi ya kwanza ikipiga kifua, ya kumi huangukia miguuni. Fedha yote ile, basi, hutolewa ili ya kumi ifanane na ya kwanza. Mtunzi anayehesabu mizani 16 katika kila mshororo hahitaji kuelezwa zaidi.

Mjukuu wangu alikuwa akisikiliza. Wakati wa likizo yeye hushuka bondeni Kamsamba kuamia ndege katika mpunga, na manati yake, ya mpira mnene wa lori, ilikuwa imerusha jiwe upande na kumpiga mtoto wa jirani vidole viwili juu ya jicho. Mama yake alitaka kuichoma moto.

"Babu, nikiongeza mpira wa tatu?" akaniuliza.

Tukaipima. Mpira mmoja ulikuwa mfupi kuliko wa pili kwa upana wa kidole. Tukakata mipya, sawa kwa sawa, mipana kwenye panda na myembamba kwenye kigozi, kwani mpira mzito hutumia nguvu zake kujisukuma wenyewe. Mawe tukayaacha. Alifinyanga gololi za udongo za ukubwa mmoja, akazianika juani; zikigonga mti hupasuka na kuacha alama. Mama yake ameruhusu kwa ndege tu, na huko mpungani tu. Mjini manati hukaa kabatini mwangu, na ufunguo anao yeye mama.

Kijitabu nilikikabidhi zamani. Mtutu, kitako na kifyatulio nilivikuta lughani vikinisubiri, lakini regulata imenisumbua hadi leo. "Kidhibiti" kinanuka ofisi ya serikali, na "kisawazishi" nilikiandika kwa shingo upande. Wapiga mbizi wa huko kwenu, wanaovuta hewa ya chupa chini ya maji, wana kifaa cha kazi hiyo hiyo vinywani mwao. Nao hukiitaje?