Niliwaita "Wageni Wangu"

Jamani, hii nimekaa nayo moyoni tangu Idi. Leo naitoa.

Mimi mtoto wa Wingwi, Micheweni, kaskazini ya Pemba. Mwaka wa nne huu nipo Unguja kikazi. Mjini wakiniuliza kwetu wapi, huwa nasema "Chake". Ukisema Wingwi wanacheka kwanza, ndiyo wanakuuliza iko wapi.

Idi el Fitri iliyopita nikasema safari hii siendi mimi, waje wao. Nikawakatia tiketi mama, bibi na wadogo zangu wawili. Wakatoka alfajiri na gari mpaka Mkoani, mwisho kabisa wa kisiwa, wakapanda boti. Bibi kapita miaka 70 na hajawahi kuukanyaga Mji Mkongwe. Alishuka bandarini Malindi mawimbi yamemchosha, pakacha la mihogo mkononi, anacheka.

Jioni nikawapeleka Forodhani. Moshi wa mishikaki, urojo, vijana wanajirusha baharini, raha tupu. Bibi akafungua kitambaa chake, akaanza kula muhogo wa nyumbani katikati ya watalii. Mara nikawaona wenzangu wa kazini, wamependeza hao! Wakaniuliza, "Upo na nani?"

Nikajibu haraka haraka: "Wageni wangu, wametoka Pemba shamba."

Sikusema mama yangu. Sikusema bibi yangu. Wenzangu wakapita zao, mama akatazama baharini, bibi akaendelea kutafuna.

Siku ya pili nikajitia mtembeza watalii. Nikawaonesha Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno. Nikawapeleka Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na sasa pana kanisa. Nikawaeleza Waingereza walivyoiweka Zanzibar chini yao mwaka 1890, na mwaka 1896 wakalipiga kasri kwa mizinga, vita vikaisha hata saa moja haijatimia. Najua kila kitu, mwenzenu.

Tukafika Beit el Ajaib. Nikawaambia Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na upande mmoja ukaporomoka Desemba 2020. Bibi akasimama akiangalia.

"Pesa alipata wapi?"

"Biashara, bibi. Kodi. Karafuu."

"Karafuu za wapi?"

Nikanyamaza. Jibu nilikuwa nalo. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo. Miaka ile waliochuma wengi walikuwa watumwa, wa aina ileile ya waliouzwa pale Mkunazini tulipotoka.

Bibi akanionesha vidole vyake. Amechuma karafuu tangu mdogo, usiku anachambua makonyo, asubuhi anaanika jamvini. Akasema, "Basi jumba hili nalijua. Sijapata kuliona tu."

Nikachukua simu nimpige picha, mkono unatetemeka.

Siku ya tatu nikaamka nikamkuta bibi anafagia chumba changu. Vyombo vimeoshwa, nguo zangu zipo kambani. Nikamwambia, "Bibi, pumzika, umekuja kutembea."

Akajibu bila kuacha ufagio: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Si ulisema mimi mgeni?"

Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe alisikia. Siku mbili nzima kala na mimi, kacheka na mimi, na neno lile analo kifuani.

Nikapiga magoti nikaomba radhi, yeye na mama. Mama akalia kidogo. Bibi akasema, "Inuka, mjukuu wangu, chai inapoa." Hakuongeza neno.

Jioni tukarudi Forodhani. Safari hii nikawapigia simu wenzangu mwenyewe waje. Nikasema: huyu mama yangu, huyu bibi yangu, kwetu Wingwi. Mmoja wao akacheka, akasema, "Kumbe! Mimi kwetu Konde, nikiulizwa nasema Wete."

Boti ilipowarudisha, bibi aliniachia lile pakacha tupu. Nimelitundika mlangoni. Kila anayeingia anauliza limetoka wapi, na mimi namwambia.

Na wewe je, ukiulizwa kwetu wapi, unataja kwenu kweli?