Redio kwenye Msumari

Jumatano, 27 Julai 2022
Lori la kiwanda limechelewa tena. Tumekaa na majani yetu ya chai kituoni, redio ya mwenye duka ikining'inia kwenye msumari, ikicheza Egesa FM. Mazungumzo ni ya mdahalo wa jana wa wagombea urais: Raila hakutokea, Ruto akajibu maswali peke yake. Mama aliyebeba mtoto mgongoni akasema yeye anangoja kusikia habari za mbolea tu. Mfuko wa DAP wa kilo 50 umepita shilingi 6,000. Mpigaji simu mmoja alipoanza kutukana majirani zetu, mzee mmoja akainuka akapunguza sauti. Hakusema kitu. Ana shamba kule Borabu, mpakani na Sotik, na wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, 2008, alikuwako.

Jumanne, 2 Agosti
Nimepiga simu redioni mara kumi na moja, si Egesa, kituo kingine. Mgeni alikuwa mgombea wa udiwani. Nilipopata laini nikauliza: barabara ya kutoka hapa Itumbe hadi kituo cha majani imetengewa shilingi ngapi, na nani alikuwa kwenye kikao cha bajeti? Simu ikakatika. "Mtandao unasumbua," akasema mtangazaji. Mtandao wangu ulikuwa mzima. Watu wanasema mgombea ndiye aliyelipia saa ile, nami nawaamini.

Alhamisi, 4 Agosti
Mgombea yule wa udiwani kaja mwenyewe na vipaza sauti. Kabla hajamaliza salamu, yule mama wa mbolea: "Mheshimiwa, barabara hii imetengewa shilingi ngapi?" Neno kwa neno! Kumbe walinisikia. Wengine wakadakia, na bwana yule akakosa pa kushika. Kwa hilo tu nimeisamehe redio, na shilingi zangu za simu.

Jumanne, 9 Agosti
Nimepiga kura saa tatu. Foleni fupi, wazee wengi. Kijana wa bodaboda, anayepiga simu redioni kila asubuhi hadi watangazaji wanaijua sauti yake, alikuwa anabeba wapiga kura. Yeye mwenyewe hakujiandikisha. Wakati wa usajili alikuwa hewani akituhimiza sisi tujiandikishe.

Jumanne, 16 Agosti
Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alitangaza matokeo ya urais jana. Nchi nzima, waliojitokeza ni karibu asilimia 65. Mwaka 2017, Agosti, walipita 77. Kisii tumempata Arati kuwa gavana. Asubuhi, mpigaji simu wa kwanza alikuwa kijana wa bodaboda, akitueleza tulikokosea.