Joto la mtoto likipanda, ubongo una walinzi wake

Hapa Nzega degedege bado linaogopwa kuliko malaria, ingawa mara nyingi malaria hiyo hiyo ndiyo inayolileta.

Mwanangu wa pili lilimpata akiwa na mwaka mmoja na nusu. Mwili ulikuwa wa moto, macho yakapinduka, mikono ikaanza kurukaruka. Mama mkwe akasema mtoto amepitiwa na ndege, tumfukize kwanza. Nikamjibu, “Mama, twende wote hospitali, dua utamwombea njiani.” Akapanda bodaboda pamoja nami. Kipimo kikaonyesha malaria, akatibiwa, na leo yuko darasa la pili.

Baadaye nilitaka kujua joto lile linafanya nini kichwani. Ndani ya kila seli kuna protini zilizokunjwa kwa mpangilio, na joto likizidi mikunjo hiyo huanza kufumuka. Seli hujibu kwa kutengeneza protini za mshtuko wa joto, ambazo huzishika zilizofumuka na kuzisaidia kujikunja upya. Dalili ya kwanza ya kinga hiyo iliandikwa mwaka 1962 na Ferruccio Ritossa wa Italia, aliyeiona kwa nzi wadogo wa matunda.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba ubongoni walinzi hao hawajagawanywa sawa. Seli nyingi za neva ni nzito kuwatengeneza; seli jirani zinazozihudumia huwahi zaidi. Na seli nyingi za neva zikifa, hazipati mbadala.

Wazazi wenzangu, msipate hofu kupita kiasi. Degedege fupi linalotokana na homa tu kwa kawaida haliachi madhara. Lakini walinzi hao wanapambana na joto, hawaui vimelea vya malaria. Vimelea vikiziba mishipa midogo ya damu ya ubongo, kila saa inayopotea nyumbani ina gharama.

Kwa hiyo mlaze mtoto ubavu, mwondolee vitu vya kumuumiza, usimwekee kijiko wala dawa mdomoni. Tazama saa: likizidi dakika tano, au asipozinduka vizuri, ni dharura. Hata likiisha mapema, nenda akapimwe malaria siku hiyo hiyo.

Na bibi wa mtoto usimwache nyuma. Kwetu sasa yeye ndiye wa kwanza kuuliza, “Mmeshampima?”