Mchana Kweupe

Ndege ndogo hugongana angani mchana kweupe. Msomaji angedhani ni kazi ya giza na ukungu, lakini mawingu huwaweka marubani chini, na jua huwatoa wote kwa pamoja, hasa mwisho wa wiki. Mahali penyewe ni karibu na uwanja, zaidi usio na mnara, ndege zikiwa kwenye mzunguko wa kutua. Kipande kibaya kuliko vyote ni cha mwisho, kinachoelekea moja kwa moja kwenye njia ya kutua: anga yote ile, kisha kila mmoja anataka kupita kichochoro kimoja.

Mwandishi wa makala haya alifundisha urubani katika uwanja wa Wilson, Nairobi, na nusu ya kazi ilikuwa kumzoesha mwanafunzi kuyatoa macho kwenye vipimo na kutazama nje. Si kazi nyepesi, kwa kuwa mwalimu naye humtazama mwanafunzi.

Jicho pia hudanganyika. Ndege inayokuja kugonga haisogei kiooni. Hubaki doa palepale, halafu ghafla inajaa dirisha. Mara nyingi yenye kasi huifikia ya polepole kwa nyuma. Yenye mabawa chini ikishuka juu ya yenye mabawa juu, kila rubani hufichwa mwenzake na bawa lake mwenyewe. Mamlaka ya anga ya Marekani hukadiria sekunde 12.5 tangu rubani aone hadi ndege igeuke. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja kwa kilomita 200 kwa saa, humeza karibu kilomita 1.4 katika muda huo.

Redio husaidia, ila kusikia si kuona. Watsonville, California, Agosti 18, 2022, Cessna 152 ilikuwa kwenye mzunguko wa uwanja usio na mnara, na Cessna 340 yenye injini mbili ikaja moja kwa moja kwa kasi kubwa mno. Marubani wote wawili walikuwa wakijitangaza redioni. Watu watatu walikufa.

Wilson ina mnara. Hata hivyo, asubuhi ya Machi 5, 2024, Cessna 172 ya mafunzo iligongana na ndege ya abiria, Dash 8, iliyokuwa imeruka kwenda Diani. Dash 8 ilirudi ikatua salama na watu wake 44. Cessna iliangukia Mbuga ya Taifa ya Nairobi, mwalimu na mwanafunzi wakiwa ndani; hakupona hata mmoja.