Mkeka wa Nkongolo na mashine ya mama

Ndugu msomaji, chama kilipotuomba kurasa chache juu ya desturi zetu, tulifikiri kwanza tuandike juu ya salamu: namna mtoto wa Kiluba anavyoinama na kupiga makofi kidogo mbele ya mkubwa, namna anavyoitikia "eyo vidye". Ni habari nzuri, lakini wengine wameiandika vizuri kuliko sisi. Tena kuna jambo lililotupata darasani ambalo halitaki kutuacha. Kila tulipokaa tuandike juu ya salamu, kalamu ilirudi kwenye lile jambo. Basi tuliandike.

Msomaji asishangae tukisema "sisi". Si kwa kujikweza. Mengi tutakayoyasema hapa hatukuyafanya peke yetu, na mtu akisema "mimi" mbele ya mambo ya namna hiyo anaweza kujifanya mwema kuliko wenzake, ao mbaya kuliko wenzake. Sisi tulikuwa kama wenzetu.

Tulizaliwa Luena mwaka 1980, mu kambi ya wachimbaji. Anayeijua Luena anajua vitu viwili: makaa ya mawe na reli. Reli kutoka mji tunaouita leo Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ikaunganishwa mpaka Ilebo, kule Kasai. Tangu hapo watu wa Kasai walishuka kwa wingi kuja kufanya kazi mu migodi, mu reli, mu ofisi na mu masomo. Hawakujileta tu. Makampuni ya Wabelgiji yalitafuta mikono, na mikono ya hapa haikutosha.

Mu kambi yetu nyumba zilishikana. Upande wa kushoto ilikaa jamaa moja ya Kasai. Baba alikuwa fundi wa reli, mama alikuwa fundi wa kushona nguo. Mtoto wao wa tatu alikuwa rafiki yetu. Tuliingia masomo siku moja, tulikaa benchi moja, tulikula bukari na sombe kwenye sahani moja. Kila asubuhi tuliimba pamoja mbele ya bendera ya Zaire, na siku za sikukuu tulicheza pamoja ile ngoma ya chama iliyoitwa animasio, kwa kumsifu Rais Mobutu. Siku zile kila mtoto wa Zaire alihesabiwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa. Rafiki yetu alicheza vizuri kuliko sisi, na mwalimu alimweka mstari wa mbele. Hakuna aliyemwuliza kwao ni wapi.

Tarehe 24 mwezi wa nne 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Wakubwa walifurahi, wakasema sasa tutapumua. Mwaka 1991 Gabriel Kyungu wa Kumwanza akawa gavana wa Shaba, ndiyo Katanga, na chama chake cha UFERI kikasema kwamba Katanga ni ya Wakatanga. Tarehe 15 mwezi wa nane 1992, Mkutano wa Kitaifa kule Kinshasa ukamchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu pahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kisha hapo maneno yakageuka fimbo, na fimbo zikageuka moto. Jirani akaitwa "bilulu", ni kusema vidudu. Likasi na Kolwezi watu wa Kasai walifukuzwa mu nyumba zao, wakalala miezi mizima kwenye vituo vya treni na mu masomo, wakingoja mabehewa ya kuwapeleka. Wengi walikufa hapo hapo kwa magonjwa na njaa, watoto zaidi. Mpaka mwaka 1994 mamia ya maelfu walikuwa wamekwisha kuondoka.

Zile treni zilipita Luena, hakuna njia nyingine. Tuliziona kwa macho yetu: watu ndani, watu juu, magodoro, mbuzi, sufuria zilizofungwa kwa kamba. Na sisi watoto tulifanya nini? Tulisimama kando ya reli tukaimba lile neno. Tuliliimba kwa namna ileile tuliyofundishwa mu animasio: mmoja anaanza, wengine wanaitikia. Tulikuwa na miaka 12, na koo letu lilikuwa limezoea kuitikia.

Halafu zamu ya jirani zetu ikafika. Walikuwa na siku mbili za kujitayarisha. Usiku wa pili baba yetu aliingia kwao, akatoka na mashine ya kushona kichwani. Alilipa bei ya beseni moja ya unga wa muhogo. Alfajiri tulitumwa kuchukua meza ya ile mashine. Rafiki yetu alisimama mlangoni akatuangalia tukiibeba. Hakusema kitu. Na sisi hatukusema kitu. Mchana, wakati wa kula, tulimwuliza baba:

"Banaenda wapi?"

"Banarudia kwabo."

"Kwabo wapi? Ye alizaliwaka hapa."

"Nyamaza, kula."

Tukanyamaza, tukala. Na ile mashine ikatulisha kweli. Miaka iliyofuata ilikuwa ya njaa. Kazi ya mgodi ilizorota, mishahara ikapotea, na mama ndiye aliyeshika nyumba. Alishona mashati meupe na sketi za buluu za wanafunzi, akashona viraka, akashona nguo za ndoa. Watoto saba tulikula kwa sindano ile. Ndiyo iliyotulipia masomo mpaka Lubumbashi, kwenye chuo cha ualimu, ambako tulipata diploma yetu mwaka 2004. Ile diploma iko ukutani kwetu mpaka leo, na kila aliyeingia tulimwambia: hii ni jasho la mama. Tulisema kweli, lakini hatukusema kweli yote.

Tarehe 30 mwezi wa saba 2006 tulisimama mu mstari tangu alfajiri kwa kupiga kura, mara ya kwanza mu maisha yetu. Mzee aliyekuwa mbele yetu alishika karte yake kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Siku hiyo tulijiona raia. Tulifikiri kwamba mambo ya 1992 yamekwisha, kwa kuwa hakuna aliyeyasema tena, si kanisani, si masomoni, si kwenye matanga.

Kumbe treni zilikuwa zinangoja kugeuka. Vita ya Kamuina Nsapu ya miaka ya 2016 na 2017 iliharibu Kasai, na tangu hapo vijana wengi wa kule wanashuka tena Katanga kutafuta maisha. Wengine wanapanda juu ya treni za mizigo, kama vile wenyeji wanavyofanya. Mwezi wa tatu 2022 treni moja ya namna hiyo, iliyotoka kwetu Luena kuelekea Tenke, ilianguka Buyofwe na watu wapatao 75 walikufa. Na kwa kuwa tangu mwaka 2019 Rais wa nchi ni Félix Tshisekedi, mtoto wa yule Étienne, maneno ya zamani yamepata tena midomo. Wengine wanasema wageni wanaletwa kwa makusudi. Wengine wanasema njaa haiulizi kabila. Sokoni, kwenye beseni za samaki kavu za Bukama, utasikia yote mawili asubuhi moja.

Mwaka huo wa 2022 tulipata darasani msichana mmoja kutoka Mwene-Ditu. Tulikuwa tukifundisha ufalme wa Baluba. Tuliwasimulia habari ambayo kila mzee anaijua: Nkongolo, yule mfalme mkali, alimwogopa mwipwa wake Kalala Ilunga, mtoto wa mwindaji Mbidi Kiluwe. Akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akatandika mkeka juu, kisha akamwalika kijana aje acheze ngoma. Lakini mpiga ngoma alijua. Hakuweza kusema kwa mdomo, akasema kwa ngoma, na Kalala Ilunga akasikia, akaruka, akakimbia ng'ambo ya Lualaba. Alirudi baadaye na jeshi, na Nkongolo akaanguka. Tukaongeza kwamba hata ndugu zetu Baluba wa Kasai wanaisimulia habari hii, na kwamba wazee wao husema walitoka Nsanga a Lubangu, huku kwetu.

Hapo mvulana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo: "Bilulu." Wenzake wakacheka. Yule mvulana alizaliwa miaka kumi na zaidi baada ya zile treni. Nani alimfundisha lile neno? Yule msichana hakumgeukia. Alituangalia sisi, akasema:

"Prof, kama tulikuwaka bamoya, juu ya nini mulitufukuza?"

Hakusema "walitufukuza". Alisema "mulitufukuza".

Tulikuwa na jibu tayari. Kila mwalimu wa historia analo: Mobutu alitaka kugawanya apate kutawala, wanasiasa walitafuta vyeo, kazi zilikuwa zimepungua. Jibu hilo ni la kweli, nasi tukaanza kulisema. Lakini katikati tukaona aibu, maana hakuna hata mmoja kati ya wale wanasiasa aliyebeba meza ya mashine alfajiri. Tukaweka choki chini. Tukawasimulia wanafunzi habari ya benchi moja, ya treni, ya wimbo, ya beseni ya unga. Darasa lilinyamaza. Kisha yule yule mvulana wa nyuma akauliza:

"Na ile mashini, iko wapi sasa?"

"Iko kwetu. Mama anaishonea mpaka leo."

Kesho yake wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba prof analeta siasa mu masomo. Mkubwa wetu wa kazi alituita, akatuomba tufuate programu. Lakini nyumbani ndiko kulikuwa kugumu zaidi. Habari mu Luena haihitaji treni. Mama alitungoja mlangoni:

"Ulienda kunianika ku batoto ya benyewe? Njo ile mashini ilikusomesha!"

"Njo maana, mama."

Siku kumi na nne hakutusemesha. Alitupakulia bukari, akageuza uso. Tulianza kufikiri kwamba tumekosa: kwamba kweli yetu tuliilipia kwa heshima ya mzee, ambayo haikuwa yetu ya kutumia. Mpaka sasa hatujui kama tulipaswa kumwuliza kwanza. Pengine ndiyo. Tungemwuliza, pengine angekataa.

Siku ya kumi na tano, jioni, akiwa anachambua sombe, alisema bila kutuangalia:

"Yule mama alinifundishaka. Zile siku mbili, mbele ya kwenda. Alinionyesha namna ya kupitisha uzi."

Tukauliza: "Alilia?"

"Hapana. Aliniambia: sindano usiikaze sana, itavunjika."

Miaka thelathini tuliishi mu nyumba moja na neno hilo, hatukulijua. Tulidhani tunaijua habari yote, kumbe tulijua upande wa baba tu, upande wa bei. Upande wa wanawake wawili waliokaa mbele ya mashine moja, mmoja akifunga mizigo na mwingine akijifunza kuishi bila yeye, haukuandikwa popote. Baada ya kitambo mama akauliza kama yule mtoto wa Mwene-Ditu anajua kushona. Tukasema hatujui. "Aje siku ya posho," akasema.

Mama wa msichana alikawia kukubali, nasi hatumlaumu. Mwishoni alikuja mwenyewe kwanza, akakaa, akanywa maji, akatazama nyumba. Sasa ni miaka mingi kidogo kwamba mtoto anakuja. Ameshona shati lake la kumaliza masomo yeye mwenyewe. Hatusemi kwamba deni limelipwa. Wenye mashine hatukuwapata; tuliulizia Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi kupitia watu wa treni, hakuna aliyejibu. Deni la namna hiyo halina ofisi ya kulipia.

Sasa turudi kwenye desturi, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Wazee wetu wa Bambudye walishika lukasa, ule ubao wenye shanga, wakipitisha kidole wakisoma habari za wafalme na safari zao. Leo lukasa nyingi ziko mu nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, nasi tunalalamika, na tuna haki. Lakini tumefikiri jambo moja. Baluba hawakumfuta Nkongolo. Alikuwa mkatili, alichimba shimo, na bado jina lake tunalitaja mbele ya watoto, pamoja na jina la yule aliyemshinda. Wazee hawakuogopa kuweka ushanga wa aibu kando ya ushanga wa sifa. Sisi wasomi wenye diploma ndio tunaotaka ubao wa sifa peke yake. Tunajivunia Kalala Ilunga kwenye sherehe, halafu mwaka 1992 tunauruka kama shimo la barabara.

Siasa itaendelea kutandika mikeka, kila mara yenye rangi nyingine, na kila mara watatuita tucheze. Watoto watacheza, maana ngoma ni tamu, na sisi tulicheza. Anayeweza kusaidia ni mpiga ngoma aliyeliona shimo. Tumeliona. Tulisimama pembeni yake na miaka 12, tukiitikia. Basi kazi yetu ya kila siku, pamoja na choki, mtihani na franka chache za mwisho wa mwezi, ni kubadilisha mdundo ili mtoto asikie mbele hajakanyaga.

Habari ya salamu, ndugu msomaji, tutaiandika safari nyingine. Au pengine tumekwisha kuiandika: yule mama wa Mwene-Ditu alipoingia kwetu siku ya kwanza, mama yetu, mwenye zaidi ya miaka sabini, ndiye aliyeinama wa kwanza na kupiga makofi.