Bao Maktabani
Baadhi ya wazee hapa Kilosa husema kuwa bao ni mchezo wa wavivu, wala halifai kuingizwa maktabani. Mimi naona vingine. Bao lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Asiyepiga hesabu kabla ya kusambaza kete, huliwa upesi.

Jumamosi sisi wanafunzi tunalicheza maktabani kwa sharti moja: anayeshindwa huchukua kitabu akakisome. Mwenzetu wa kidato cha kwanza, mwenyeji wa Mikumi, aliyeogopa sana hesabu, amekwisha kusoma vitabu saba. Juzi alinishinda, lakini kitabu alichukua vile vile. Wazazi wetu, tafadhali tuchongeeni mabao mengine. Wadogo wanangoja zamu.