Soksi za rangi ya chai

Barua ya mwalimu wa densi ilikuwa na mistari michache. Tarehe, anwani ya ukumbi, saa ya kufika, halafu mavazi: soksi ndefu za kubana za rangi ya ngozi, viatu vya rangi ya ngozi, nywele zifungwe kifundo. Binti yangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10, aliisoma mezani, akautazama mkono wake, akaniuliza, "Mama, ngozi ya nani?"

Nilicheka, maana sikuwa na jibu. Kesho yake nikaenda dukani kutafuta. Soksi za "rangi ya ngozi" zilikuwepo tele, za waridi na za rangi ya mchanga. Ukimvalisha mwanangu anaonekana kama aliyeazima miguu ya mtu.

Tunaishi Edmonton, karibu na soko la Edmonton Green, na mtoto anajifunza densi kila Jumamosi. Kabla ya hapo alikuwa ameshapanda jukwaani mara mbili, kwenye maonyesho ya mwisho wa mwaka. Watu wa huku wanaujua ukumbi wa Millfield pale Silver Street. Hauna viti hata mia nne, kwa hiyo ukikaa nyuma bado unamwona mtoto wako anapokodoa macho kukutafuta. Katika maonyesho ya namna ile kila mtoto hupigiwa makofi na kila bibi hutoa chozi. Nikadhani mashindano ni hivyohivyo, ila kuna kombe. Nawaandikia wazazi wenzangu ambao mwaka huu wameletewa barua kama ile, maana mimi nilikwenda kichwa kichwa.

Waandaaji wa mashindano haya huhama kutoka mji hadi mji. Wikiendi hii wako huku, wikiendi ijayo kule, na majaji wao, spika zao, na wakati mwingine hata sakafu yao ya kutandika. Watoto wa eneo huenda kushindana hapo, wanaofanya vizuri hualikwa kwenye fainali ya nchi nzima. Waliosoma Kenya watakumbuka tamasha la muziki la shule, jinsi mnavyopanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Tofauti ni kwamba hapa mtoto hawakilishi kaunti wala serikali. Anawakilisha shule yake ya densi, au nafsi yake tu, na ada unalipa wewe. Ipo ada ya kila densi anayocheza, yapo mavazi, zipo nauli, na mara nyingi wewe mtazamaji nawe unakata tiketi. Uliza hesabu yote mapema kabla mtoto hajaanza kuota. Mimi niliijua vipande vipande, na kila kipande kilikuja baada ya mshahara kwisha.

Kuna jambo la kisheria pia. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1963 kuhusu watoto kupanda jukwaani, na ziko hali ambazo mtoto huhitaji kibali cha halmashauri anakoishi, hasa pale watazamaji wanapolipa kiingilio au mtoto anapokosa masomo. Kwetu sisi ni halmashauri ya Enfield. Siyo kila mashindano yanahitaji kibali, na aghalabu mwalimu ndiye anayeshughulikia. Muulize tu, asije akakumbuka wiki ya mwisho.

Turudi kwenye soksi. Nilimpigia mama yangu Tanga, si kwa ushauri, kwa kulalamika. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Huko Uingereza hakuna majani ya chai?"

Basi tukapika chai. Tulinunua soksi za waridi pea mbili, moja ya kuharibu. Sufuria kubwa, maji yanayochemka, majani mengi kuliko ungeweka hata msibani, ukaichuja vizuri ili soksi zisipate madoa, halafu ukazitumbukiza zikiwa zimelowa maji. Nailoni inakunywa chai kama mgeni wa saa kumi. Tukawa tunazitoa kila baada ya dakika kadhaa, mtoto anaweka mguu wake kando ya sinki tunalinganisha. "Bado kidogo, mama." "Bado." "Hapo hapo!" Pea ya kwanza ilitoka na mabaka kwa sababu niliisokota. Ya pili ilitoka sawasawa. Viatu tulivipaka poda ya maji ya uso, ya rangi yake, kwa kipande cha sponji, tukaviacha dirishani vikauke.

Baadaye nilijifunza kwamba hatukubuni kitu. Wacheza baleti weusi wamekuwa wakipaka viatu vyao vipodozi kwa miaka na miaka, hata wale wa majumba makubwa. Ni mwaka 2018 tu ndipo Freed, watengeneza viatu wa London, waliposhirikiana na kundi la Ballet Black, lililoanzishwa hapa London mwaka 2001, wakaanza kuuza viatu vya kusimamia vidole vya rangi ya kahawia. Mwaka 2018! Mwanangu alikuwa ameshazaliwa. Kwa hiyo ukiambiwa vitu hivyo havipo, vipo siku hizi, ila uagize mapema na bei yake ujikaze. Chai iko palepale kama akiba.

Mwalimu alipoziona alinyamaza kidogo, akasema, "Hivi ndivyo nilivyopaswa kuandika." Barua ya muhula uliofuata ilisema soksi za rangi ya ngozi ya mtoto mwenyewe. Maneno machache tu yaliongezeka.

Siku yenyewe tuliondoka saa 12 asubuhi kwa gari la mama mwenzangu, tukaingia barabara ya North Circular ikiwa tupu, jambo ambalo wakazi wa Edmonton huliona mara chache maishani. Nilitarajia ukumbi wenye mapazia mekundu. Tulifika kwenye ukumbi wa michezo wa shule fulani, mistari ya mpira wa kikapu bado iko sakafuni, umetandikwa zulia jeusi la kuchezea, meza ya majaji watatu mbele, na kandokando watoto mamia wamelala juu ya mabegi. Harufu ya dawa ya nywele ilikuwa nzito kiasi cha kukohoa.

Hapo ndipo kazi ya mzazi inapoanza, nayo kubwa ni kungoja. Mwanangu alikuwa na densi mbili, ya peke yake na ya kundi. Ya peke yake haifiki dakika mbili. Tulikaa ukumbini saa tisa. Leteni chakula kisichodondosha rangi. Sisi tulikunja chapati na mayai. Leteni pini za nywele mara tatu ya mnazodhani zinatosha, na sindano na uzi. Juu ya vazi nilimfunga kanga ili asijichafue, na hadi mchana watoto wawili wa shule nyingine walikuwa wameshakuja kuuliza kanga inauzwa wapi.

Ratiba ichungeni sana. Sisi tumezoea shughuli kuchelewa, na mimi nilijipa moyo kuwa kama imeandikwa saa 6, tutacheza saa 7. Kumbe mashindano haya yanaweza kwenda mbele ya saa, maana mtoto mmoja akiugua au kujitoa nafasi yake inarukwa. Nilikuwa foleni ya chai niliposikia kundi la umri wake linaitwa. Nilikimbia na kikombe. Wazazi hatukuruhusiwa nyuma ya jukwaa, ni wasimamizi waliosajiliwa tu, kwa hiyo nilimkabidhi mlangoni, nikafungua kanga, akaingia. Hata kumwombea sikuwahi.

Kitu kingine kilichoniuma: hairuhusiwi kurekodi. Wametangaza mara tatu. Sababu naielewa, ni watoto wa watu wale. Lakini Tanga palikuwa na bibi aliyekaa na simu mkononi tangu asubuhi.

Alianza vizuri. Mikono imetulia, miguu ile ya rangi yake inaonekana mirefu kuanzia nyonga hadi kidole, sikujua soksi zinaweza kufanya hivyo. Katikati akasimama. Muziki ukaendelea, yeye kasimama, macho yametanuka. Sijui ilikuwa sekunde ngapi. Ukumbi ukaanza kupiga makofi, siyo wazazi, ni wale watoto wa kandokando, wapinzani wake wenyewe, wanapiga kwa kufuata muziki ili ashike mdundo. Nilitaka kusimama, mama mwenzangu akanishika mkono akanikalisha. Mtoto akatembea hadi pembeni mwa zulia, taratibu, kama vile imepangwa, akasubiri kiitikio kirudi, akaanza tena hapo akamaliza.

Matokeo hutangazwa kwa makundi. Wanaitwa wote, wanaketi sakafuni kwa mstari, kisha yanatajwa majina kuanzia wa tatu. Mashindano mengine humpa kila mtoto medali kulingana na alama zake, mengine humtaja aliyeshika nafasi tu. Uliza ni yapi, umwandae mwanao, maana kukaa sakafuni mbele ya watu ukingoja jina lisilokuja ni jambo refu. Walitajwa watatu. Yeye hakuwemo. Akapiga makofi pamoja na wenzake.

Kosa nililifanya ukumbini nje, kwenye korido. Nilikuwa nimechoka, nimehesabu pauni zote kichwani, nikamwambia, "Si ungeendelea tu, hata ukabuni?" Alinitazama, akajifunga kanga yake mwenyewe, akanyamaza. Alicheza na kundi mchana, wakashika nafasi ya tatu, akaruka na wenzake, akarudi kwangu akanyamaza tena. Tulipofika njia panda ya Fore Street bado alikuwa anatazama nje.

Mama yangu amenisimulia kuhusu lelemama ya pwani, na jinsi Mombasa enzi za ukoloni vyama vya wanawake vilivyokuwa vikishindana kwa mavazi, kwa nyimbo, kwa karamu, mtaa na mtaa. Huko nani kashinda watu waliamua wenyewe, kwa vigelegele na kwa kutunza, na ubishi uliendelea wiki nzima. Nadhani nilikwenda kule na moyo huo, nikitaka kurudi na ushindi wa kumtangazia mtu. Mtoto alikwenda kucheza.

Majaji huandika karatasi. Ndicho kitu chenye thamani kuliko medali, na wazazi wengi wanaisahau ndani ya bahasha. Yetu tuliifungua usiku jikoni. Magoti hayanyooki vya kutosha. Vidole vya miguu vivutwe zaidi. Macho yainuke, usiiangalie sakafu. Chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka: ulisahau, ukasimama, ukatafuta njia ya kurudi bila kukimbia jukwaa, nimeona watu wazima wakishindwa.

Akaisoma mara mbili kimya. Nikamwambia, "Nisamehe kwa lile neno la korido." Akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu ambaye bado anafikiria.

Bibi akapiga simu ya video. Tanga ilikuwa imeshapita saa 5 usiku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Wa ngapi?"

"Sijui bibi, wametaja watatu tu. Nilisahau katikati."

"Watu wakafanyaje?"

"Wakapiga makofi."

"Ulipopatia?"

"Hapana. Niliposahau."

Bibi alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema hajakaa macho mpaka saa zile ili asimuliwe, anataka kuona. Tukasogeza meza. Simu tukaiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Mtoto akavaa soksi zake juu ya pajama, akacheza densi yote kwenye vigae, tangu mwanzo, na kile kipande alichokisahau akakipita bila kusita. Alipomaliza alisimama akihema, mikono juu, akingoja.

"Simu iliganda," bibi akasema. "Anza tena."